Ukuta Uliovishwa Saruji

Mwezi wa pili, mvua ilipokuwa imenyesha mpaka watu wa mtaa wa Musonoi wakaacha hata kuilalamikia, Adolphine aliona ukuta wa mbele wa nyumba yake umeota tumbo.

Ukuta ule aliujua tofali kwa tofali. Yeye na mumewe Polycarpe walihama mtaa wa Kasulo baada ya wachimbaji wa madini kutoboa ardhi chini ya nyumba za jirani, hadi sakafu yao wenyewe ikawa inalia wakiikanyaga. Kwa kuwa kifua cha Polycarpe kilikuwa kimekwisha kwa vumbi la mgodi, kazi ya kujenga ilimwangukia mkewe. Adolphine alibomoa kichuguu, akakanyaga udongo pamoja na nyasi kavu, akaanika matofali mwezi wa kumi, jua likiwa kama limehamia uani. Ya kwanza yalikauka nje upesi huku ndani yakiwa bado mabichi, yakapasuka kama visigino vya mkulima. Akayarudisha majini akaanza upya, safari hii akiyafunika nyasi yakauke polepole. Mgongo ulimuuma tangu siku hizo.

Nyumba iliposimama, Polycarpe alitaka jambo moja tu: upande wa barabara upakwe saruji. Alikuwa ameishi miaka mingi katika nyumba za kampuni ya mgodi, na hakutaka wapita njia waone udongo. Adolphine alikubali. Mume aliyeshindwa kujenga, naye pia anahitaji kitu cha kujivunia.

Sasa saruji ilikuwa bado nzima, ya kijivu, safi. Lakini ukiigonga ililia kama debe tupu. Kati ya mvua na mvua joto lilipanda, nguo zikaganda mwilini, na kuta tatu nyingine, zilizoachwa udongo mtupu, zililowa na kukauka kama shati kambani. Ule wa mbele peke yake ulitoka jasho kwa ndani, asubuhi na jioni. Maji yaliingia kwa chini na kwenye nyufa, na saruji ikayanyima pa kutokea.

"Tata Shekina," alisema, akimwita baba kwa jina la binti yao aliyeolewa Likasi, "huu ukuta iko na tumbo. Utoke pale."

Polycarpe alikuwa ameketi sebuleni, kisogo kimeegemea pale pale.

"Ni maji ya mvua tu. Itapita."

"Haitapita. Itaanguka."

"Basi ianguke." Alikohoa, akangoja pumzi irudi. "Kasulo tulihama. Mi nilichoka kuhama, mama. Hapa njo mwisho."

Adolphine hakubishana. Hata hasira inataka mtu aliyelala vizuri. Alikwenda kumwita jirani yao Sikudhani, mwuza mawese, wakaanza kuhamishia kitanda, godoro na masufuria chumba cha nyuma, huku Polycarpe akiwatazama. Walipomaliza, Adolphine alichukua jembe, akatoka nje, akaupiga ukuta.

Bamba la saruji kubwa kama mlango likabanduka likaanguka. Nyuma yake hapakuwa tena na matofali. Palikuwa na uji mwekundu, unanuka kama tope la mtoni, unashuka taratibu.

Polycarpe alikuja akiburuta miguu.

"Tia mukono," mkewe akamwambia.

Akatia. Vidole vilizama, kiganja kikazama, mpaka kifundo.

"Hii yote ilikuwa nyuma ya mugongo yangu?"

"Njo vile nilikuambia, tata."

 Polycarpe akauchomoa mkono, akaupangusa kwenye suruali. "Musukume sasa," akasema. "Lakini kwanza tushike paa."

Sikudhani alileta miti miwili ya mikaratusi kutoka kibanda chake. Polycarpe mwenyewe ndiye aliyeonyesha wapi isimamishwe, kwa maana mgodini alijifunza kuzuia mwamba usidondoke. Halafu wote watatu wakaegemeza mabega kwa ndani, wakasukuma. Ukuta haukupiga kelele. Uliketi chini tu, barabarani, na mvua ikaanza kuusambaza.

Walitundika bashi, turubai la plastiki, mahali pake. Kujenga kusingewezekana kabla ya kiangazi. Tofali halikauki hewani kukiwa na maji kama hayo.

"Mwezi wa tano tunaanza," Polycarpe akasema. "Bila simenti."

"Bila simenti. Na paa tuitoe mbele kidogo, maji isiruke kwa ukuta."

"Mi nitakanyaga udongo. Asubuhi, mbele jua haijapanda."

Adolphine alijua hatafika mbali na kifua kile. Aliwaza kichuguu kingine, na ndoo za maji, na mgongo wake.

"Sawa, tata," akajibu. Akajinyoosha juu ya godoro lenye unyevu katika chumba cha nyuma, mchana kweupe, bashi likipigwa na upepo, na usingizi ukamchukua kabla hajavua viatu.