Mayai ya Kola Moja

Mwashi alikuwa amejenga nyumba za watu kwa miaka arobaini na hakuna hata moja iliyopinda, lakini kuchemsha yai hakujua. Wala hakuona aibu, maana jikoni kulikuwa na mwenyewe. Ndipo huyo mwenyewe, mkewe fundi cherehani, alipoteleza bafuni akavunjika mkono wa kulia.

Binti yao alipiga simu, hakupindisha maneno. "Baba, nakuja kumchukua mama akae kwangu mpaka plasta itoke. Wewe hata yai huwezi kuchemsha."

"Nani kakwambia?"

"Baba!"

"Njoo kesho asubuhi nikupikie mayai," mwashi akajigamba. "Yakinishinda, mchukue."

Alipokata simu ndipo akili ikamrudia. Tangu waoane hawajawahi kulala nyumba mbili, na sasa mdomo wake umemponza. Akaona bora ajaribu siku hiyo hiyo.

"Yanachemka kwa muda gani?" akamuuliza mkewe.

"Kola moja."

"Nini?"

"Maji yakishachemka, naanza kushona kola ya shati. Nikiimaliza, mayai yameiva. Siku zote nafanya hivyo."

Mwashi ni mtu wa vipimo, akipewa kipimo anakifuata. Akaketi kwenye cherehani, akashona kola. Uzi ulikatika mara nne, sindano ikamchoma kidole, na hakuna tusi analolijua ambalo hakulitoa. Alipofika mwisho, sufuria ilikuwa imekauka kau, mayai yamepasuka, na nyumba nzima inanuka. Mkewe alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akautazama mkono wake wenye plasta.

"Labda niende tu, mzee wangu. Na wewe upumzike."

"Kwani unataka kwenda?"

"Sitaki."

Usiku ule mwashi hakupata usingizi wa maana.

Asubuhi akapanga mayai sita sufuriani, akamwaga maji baridi yakayafunika, akatia chumvi kidogo. Wakati maji yanapata moto, alibeba benchi la sebuleni akaliweka mbele ya cherehani.

"Miguu yako ina plasta?" akauliza.

"Haina."

"Basi wewe kanyaga pedeli. Mikono ni yangu."

Maji yalipochemka wakaketi wamebanana. Mke akaanza kukanyaga kwa mwendo wake ule ule wa kila siku, taratibu, bila kusita. Mwashi akakishika kitambaa kama anayetaka kukinyonga.

"Usivute! Kiongoze tu, kitakwenda chenyewe."

"Kumbe kama uzi wa kunyooshea ukuta?"

"Hivyo hivyo."

Ah, uzi wa ukuta alikuwa anaujua! Mabega yakamshuka, kola ikapita chini ya sindano mpaka mwisho. Ilikuwa imekwenda upande kidogo, ila ilikuwa kola. Akakimbilia jikoni, akamwaga maji ya moto, akayatia mayai kwenye maji baridi.

Binti aliingia na begi tupu mkononi. Aliketi mezani, akaligonga yai upande ule mnene, akalimenya na kulikata katikati. Mwashi alisimama pale roho mkononi. Kiini kilikuwa kimeshikana vizuri, njano tupu, hakina hata utepe wa kijani pembeni. Binti akanyunyiza chumvi, akala. Akachukua la pili huku mama yake akimsimulia habari ya kola.

Alipolimaliza akainua macho juu ya jiko. "Lakini baba, saa si hiyo hapo ukutani?"

Mwashi aliitazama kana kwamba imetundikwa leo. Mkewe ndiye aliyejibu.

"Tangu lini saa ikashona kola?"

Walicheka wote watatu. Kisha binti akalivuta begi lake, na mwashi akaacha kucheka.

"Haya, mama. Nikupangie nguo?"

"Nguo gani? Nina kola tano za kumalizia, mteja anazitaka keshokutwa. Na fundi wangu huyu bado anajifunza."

Binti aliwatazama, mmoja baada ya mwingine. Akachukua mayai mawili, akayafunga kwenye kitambaa na kuyatia begini, akafunga zipu.

Mwashi alimsindikiza hadi getini. Furaha ilikuwa imemjaa hata akasahau kumuaga sawasawa. Aliporudi ndani, mkewe alikuwa ameshaketi upande wake wa benchi, miguu iko kwenye pedeli, anamsubiri.