Pumzi ya Mzunguko wa Mwisho

Kifua changu kilikuwa na shimo ambalo kuku angeweza kunywea maji. Ningelala chali mvuani, ningeamka na kisima. Nilizaliwa nalo, nikakua nalo, na wasichana wa kwetu Kabianga waliolicheka niliwalipa njiani: nikiwapita kwenye kilima, walibaki kutazama mgongo, na mgongo wangu haukuwa na kasoro.

Sijisifu bure. Mwaka wa tisini na nne hakuna msichana kutoka Soin hadi Chepilat aliyenitangulia kwenye mizunguko ya kwanza. Ule wa mwisho ndio uliokuwa taabu. Pumzi ilikwama juu kama mtu amenikalia kifuani, miguu inataka na hewa haipo, na Chepngetich, niliyekuwa nimemwacha mbali, huyo anakuja. Mara nyingi nilimshinda kwa kujitupa tu kwenye utepe.

Mwalimu Kebaso, aliyetufunza mbio, alisema ni uvivu wa mazoezi. Daktari wa hospitali ya misheni alisema si uvivu, ni mfupa: umezama ndani, umeuegemea moyo. Wangekata, wauinue, waushikilie kwa chuma. Halafu nisikimbie nusu mwaka mzima, nisibebe hata mtungi wa maji. Na mpasuaji wa kazi hiyo alikuwa anakuja Agosti tu. Akiondoka, haijulikani atarudi lini.

Oktoba kulikuwa na mchujo wa timu ya askari. Ukichaguliwa umeandikwa kazi, una mshahara na sare, na kazi yenyewe ni kukimbia. Nilikuwa nimeungoja tangu nimalize shule. Mwalimu alikata neno: mwanariadha akikaa nusu mwaka bila mazoezi anakuwa mtu wa kawaida, na nafasi haingoji mgonjwa. Mimi nilijiamini, tena sana, lakini jambo hilo lilininyima raha. Nikikimbia na kifua hiki, huenda nikaingia. Huenda pia mzunguko wa mwisho ukaniumbua mbele ya wachaguzi.

Mama alikuwa upande wa Mwalimu, tena kwa ukali. Msimamo wake ulijulikana kijiji kizima kwa sababu ya chai yake. Tangu baba afariki hakuwahi kuipogoa. Ilikuwa imepanda hadi shingoni, anaichuma akisimama kwa vidole, majirani wanamcheka, naye anawajibu kwamba kitu kinachotoa hakikatwi. Ukipogoa chai unakaa miezi bila kuchuma jani, na sisi tulikula kwa majani hayohayo. Aliposikia habari ya kisu alisema lilelile: mtoto anakimbia, anashinda, mnamkata kwa nini?

Ila hakuwahi kuniona nikikimbia. Jumamosi zake zilikuwa za chai. Mwisho wa Julai tulishindana palepale Kabianga, na siku hiyo akaja, amejifunga leso mpya. Nikashinda. Watu wakashangilia, mimi nikashika uzio wa uwanja kwa mikono miwili, midomo imekuwa ya zambarau, natafuta hewa siipati. Nilipoinua macho, mama alikuwa amesimama mbele yangu. Hakunipongeza. Aliweka kiganja juu ya lile shimo, akakiacha hapo mpaka moyo ukatulia.

Asubuhi nikasikia panga. Nilipotoka, mistari mitatu ya chai ilikuwa chini, vimebaki visiki vyeupe usawa wa magoti. Nikamuuliza kama amerukwa na akili. Hakusimamisha mkono.

"Hii chai nikiiacha itanishika hapa," alisema. "Sasa sina majani ya kuchuma mpaka mwaka uishe. Ukitaka kwenda hospitali, nitakaa na wewe. Usipotaka, basi, nimekata chai tu."

Baridi ilinichoma miguu. Kisha nikaenda jikoni kuchukua panga la pili.

Uchungu ulikuwepo, nisikudanganye. Wiki za kwanza baada ya kupasuliwa hata kucheka kuliniliza, na mama alinilisha kwa kijiko. Oktoba, jioni ya mchujo, Mwalimu Kebaso akaja nyumbani. Alikunywa nusu kikombe kabla ya kutuambia kwamba Chepngetich amechaguliwa, wa kwanza, tena kwa mbali. Iliniuma. Iliniuma kuliko kisu. Mwalimu akaangalia chini, ananingoja nilie.

"Mwambie asizoee," nikasema.

Mwalimu alicheka hadi akaweka kikombe mezani. Mama hakucheka. Aliniambia niache maneno, nifanye mazoezi ya pumzi nilivyoagizwa na daktari. Nikakaa wima, nikavuta hewa. Ilishuka, ikashuka, ikapita pale ilipokuwa ikikwama, na bado nafasi ilikuwepo.