Funda la Maji

Umewahi kumjibia mtu mpaka ukasahau kwamba naye ana kinywa?

Bibi Notburga alimjibia mjukuu wake kwa miaka sita. Bombani, dukani, nje ya kanisa baada ya misa, mtu akiinama tu na kusema, "Hujambo, Kunegunda?" Bibi alikuwa ameshadakia: "Hajambo, ana kikohozi kidogo."

Ilianza kwa huruma. Akiwa na miaka mitatu, Kunegunda alimwita kuku "tutu", na watoto wa mtaa wao wa Bombambili wakamfuata njia nzima wakiwika. Alipofika nyumbani alifunga kinywa kama mtu anayefunga mlango mvua ikija. Mama yake alikuwa amekwishazikwa. Mzee Osmund, babu yake, akafuata. Ndani wakabaki wawili, na mmoja hasemi. Jioni, akichambua maharage kwenye ungo, Bibi aliuliza na kujijibu: "Umeshiba? Umeshiba. Tulale? Haya, tulale." Aliyepita nje alidhani mna wageni.

Mwaka wa sita wa ukimya huo, maduka ya mjini yalifurika vitu vya plastiki vya kila rangi. Mwalimu Suzana, aliyefundisha matamshi katika chumba cha mwisho cha shule, alinunua kipande cha mpira wa maji, kijani, urefu wa mkono, akachomeka faneli ndogo kila ncha. Mtoto aliweka ncha moja sikioni, nyingine kinywani, akanong'ona. Neno lake likamrudia kabla halijatoka nje kuchekwa. Siku ya kwanza alipompeleka Kunegunda pale, Bibi naye alijaribu. Alisema jina lake tu. Aliyemsikia ndani ya mpira alikuwa kikongwe fulani, yuko mbali, anaita mahali pasipo na mtu. Aliurudisha upesi, akasema unanuka duka.

Ijumaa moja Mwalimu aliwaita wote wawili. Mezani palikuwa na barua.

"Shikamoo, Bibi. Imepatikana nafasi moja, shule ya bweni yenye mtaalamu wa matamshi. Ni safari ya siku mbili kwa basi. Wanataka jibu leo."

"Marahaba. Hataki," alisema Bibi. "Anaogopa kulala ugenini."

"Amekwambia?"

"Mtoto niliyemlea mgongoni aniambie nini, mwalimu? Namjua hata akikohoa."

Suzana alimimina maji kutoka mtungini, akamsogezea Bibi kikombe cha bati. "Basi naomba uchukue funda moja. Usimeze mpaka nimalize na mwenzako."

"Mimi nina wajukuu, mwalimu, sichezi kombolela."

"Ndiyo maana nakuomba, Bibi. Sikuamuru."

Bibi alimtazama, akachukua funda. Mashavu yakavimba. Kunegunda alikaribia kucheka, na Bibi akakumbuka kwamba hakuwa ameliona pengo la meno ya mtoto kwa muda mrefu.

"Kunegunda," alisema Mwalimu, "unataka kwenda, au unataka kubaki?"

Mtoto aliweka mpira sikioni. Akanong'ona. Akakunja uso, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonja chumvi imezidi, akanong'ona tena. Nje kengele ya mapumziko iligongwa na ua ukajaa kelele. Mwalimu hakumhimiza. Maji yalianza kupata joto kinywani mwa Bibi. Jibu lilikuwa pale pale nyuma ya meno, limeiva: hataki. Kumeza mara moja tu, na wangekuwa njiani kurudi nyumbani, mkono kwa mkono, kwenye ungo wao wa maharage.

Ndipo alipoiona midomo ya mtoto. Ilikuwa ikijaribu, ikikosea, ikirudia, bila kumtazama yeye hata kidogo. Bibi alijiuliza ni jioni ngapi midomo ile ilianza hivyo gizani upande wa pili wa ungo, naye akaiwahi.

Alishika ukingo wa meza. Machozi yalimwagika kabla ya maji ya kinywani, lakini hakumeza.

Kunegunda aliushusha mpira, akauweka juu ya barua taratibu, faneli zote mbili zikielekea dirishani. Akamgeukia bibi yake.

"Nata...ka kwenda," alisema. Sauti ilikuwa nene kidogo kuliko Bibi alivyoikumbuka. "Bibi anisindi...kize mpaka kwenye basi. Asiwaambie watu wa huko kitu. Nitawaambia mwenyewe jina langu."