Raundi Saba za Mwanarusi

Chaka! Kisha mchakacho, kama njugu ndani ya kopo. Sauti ilitoka chini ya ardhi, ndani ya shimo nililokuwa nikilichimba, na kabla sijaona kitu nilijua kwamba jembe langu limepasua jambo lililofichwa.

"Umegonga nini, Abu?" Chirau aliniuliza. Alikuwa ameshika nguzo ya ua wake, ananingoja nimalize shimo tuisimike.

Niliinama nikafukua kwa mikono. Ilikuwa chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, kizibo chake kimekazwa kwa kamba ya mpira. Jembe lilikuwa limeitoboa ubavuni. Ndani mlijaa sindano ndogo ndogo, kama mia hivi, na kati yake vipande vya pamba vyenye damu iliyokauka.

Chirau aliiachia nguzo ikaanguka. Siku tisa zilikuwa zimepita tangu tumzike Hanifa, bintiye wa miaka mitatu, aliyeshikwa na homa Jumatatu akafa Jumatano. Mimi ndiye niliyeshuka kaburini kumpokea. Alikuwa mwepesi kama mto wa sufi.

"Fingo," Chirau alisema. "Mtu amemzikia mwanangu fingo, uchawi wa kufukiwa."

Hata asiye na macho alijua mpaka ule ni wa nani. Upande wa pili wa shimo palikuwa nyumbani kwa shangazi yangu Mwanarusi, dada wa baba, mjane aliyeishi peke yake. Ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki nikiwa na miaka minne.

"Ni damu yako," Chirau alisema. "Fukia, basi. Mfiche. Mimi nitalia na Mungu wangu."

Angenitukana ningevumilia. Lakini kuambiwa nifiche! Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kijiji kizima cha Mwabungo kilijua kwamba Abubakar hamwogopi mtu wala hampendelei mtu.

"Mimi si mtu wa kumficha mchawi," nilimwambia, "hata awe ni yule aliyenilisha."

Magharibi ilipokwisha tulikuwa watu kumi na wanne nyumbani kwa Chirau, na chupa iko katikati ya mkeka. Karisa, mwendesha bodaboda, ndiye aliyekuwa na maneno mengi kuliko wote.

"Mimi humwona nikienda kuchukua abiria wa mapema," alisema. "Adhana haijalia, yeye yuko uwanja wa mpira, pale ubavuni mwa makaburi. Anazunguka. Raundi saba. Na kila raundi moja huweka jiwe kwenye kona ya makaburi. Nimeyahesabu mwenyewe."

"Saba?"

"Saba kamili. Mwende mkayatazame, yako pale."

"Na mwili wake je?" mwingine alidakia. "Mwaka jana Mwanarusi alikuwa hapiti mlangoni ila kwa ubavu. Leo mabuibui yote yanampwaya. Mtu hali dawa, hasemi anaumwa, anakonda tu. Hizo nyama zimekwenda wapi?"

"Anawalisha wakubwa zake."

"Wakamaliza zake, wakataka za mtoto."

Chirau alianza kulia, na kilio cha mwanamume mzima kikatutoa akili. Nilisimama nikasema alfajiri nitawatangulia mimi. Walinipigia makofi. Nikalala vizuri, Mungu anisamehe.

Tulimkuta kwenye raundi ya sita. Mashariki kulikuwa kumeanza kupauka. Alikuwa amevaa suruali ndani ya dera na raba za kiume miguuni, anakwenda mbio mbio kwa hatua fupi, mikono inapigapiga hewa kama mtu anayefukuza nzi. Tuliona anainama kwenye kona ya makaburi, anaweka jiwe.

Jiwe la kwanza kumpiga lilitoka mkononi mwangu. Lilimpata begani. Akageuka, akatutazama bila kukimbia, na hilo likatukasirisha zaidi. Mtu asiye na hatia hukimbia, ndivyo tulivyoambiana.

"Umemzikia nini mwanangu?" Chirau alimfokea, na kumtupia ile chupa kifuani.

Shangazi alifumbua kinywa, ulimi ukamkataa. Jasho lilimtiririka kama aliyetoka kisimani, na alfajiri ile ilikuwa na baridi. Alipepesuka. Nikamshika mkono asianguke, au asitoroke, sijui tena. Mkono ulikuwa baridi na unatetemeka wote. Alinitazama usoni karibu kabisa, kisha akasema, "Boga. Boga, umerudi?"

Boga ni marehemu mumewe. Amelala mle makaburini mwaka wa kumi na moja huu.

"Anaongea na wafu!" Karisa alipiga kelele. "Mmesikia? Anawaita!"

Basi hapo ndipo fimbo zilipoanza. Zilimpata mgongoni, kichwani, mapajani, na mimi bado nimemshika mkono, kila pigo nalisikia likipita mwilini mwake hadi kiganjani mwangu. Alianguka kwa magoti. Mtu akampiga teke la mbavu. Chirau alishusha panga, akalenga shingo kama anavyolenga nazi, lakini machozi yalikuwa yamempofusha, likatua juu ya mguu. Raba ikapasuka, na mguu nao ukapasuka. Shangazi hakulia. Alitoa mlio mdogo, kama anayeguna kwa usingizi, na mlio ule ukanipasua mimi.

Karisa alikuwa amelaza pikipiki yake chini, anakinga petroli kwenye kopo.

"Nyinyi mna wazimu?"

Aliyesema hivyo alikuwa Milcah, mgeni kutoka bara aliyepanga chumba nyuma ya msikiti, mpishi wa hoteli moja ya Diani. Alikuwa njiani kwenda zamu ya asubuhi, mkoba begani. Aliokota sindano moja kati ya zile zilizomwagika, akaipandisha machoni mwetu.

"Hii ni sindano ya insulini! Ya sukari! Baba yangu alijidunga hizi miaka tisa. Huyu mama ni mgonjwa wa kisukari, wajinga nyinyi!"

"Nenda zako, mbara," Karisa alisema. "Mambo ya kwetu huyajui."

"Cheki jasho lake! Cheki anavyotetemeka! Sukari yake imeshuka, ameanza kupotea. Mkimwacha hivyo dakika kumi hamtahitaji petroli."

Karisa akamsukuma, akaja na kopo lake. Petroli ilimwagikia dera la shangazi, harufu ikanipanda puani, na ndipo nikauachia mkono niliokuwa nimeushika.

Nilimpiga Karisa mdomoni kwa ngumi iliyobeba uzito wangu wote na aibu yangu yote. Meno mawili yalibaki kwenye vifundo vya vidole vyangu. Alipoinuka nilimpiga tena. Mtu alinivamia kwa nyuma, nikamtupa juu ya bega, nikaokota fimbo, nikasimama juu ya shangazi, mguu huku, mguu kule, nikawaambia aje anayetaka. Walikuja. Jana walinipigia makofi, leo walinipiga mimi. Nilivunja mkono wa mtu niliyesoma naye madrasa. Panga lilinichana bega hadi mfupa ukaonekana, nami nikazidi kuwapiga kwa mkono uliobaki, huku nikiwatukana kwa Kidigo na Kiswahili.

Milcah hakutungoja. Alikimbia hadi kwa Mbeyu, mama wa chai na mahamri aliyekuwa ndio kwanza awashe moto kando ya uwanja, akarudi na bakuli zima la sukari na kikombe cha maji. Alipita kati ya fimbo zetu kama hazipo. Alipiga magoti, akamlaza shangazi ubavu, akachovya kidole kwenye maji na sukari, akawa anampaka ndani ya shavu, kwenye fizi, taratibu, tena na tena.

Watu walisita. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ni vigumu kumpiga mtu anayelishwa.

Dakika zilipita. Hakuna aliyeondoka. Kisha shangazi alimeza. Akameza tena. Akashika kikombe mwenyewe, akanywa maji ya sukari hadi mwisho, akafumbua macho, na macho yale yalikuwa yake. Aliwatazama watu wote waliosimama juu yake.

"Mbona mmejaa hivi?" aliuliza. "Nani amefariki?"



Aliniona mimi. "Abu! Unatoka damu, baba. Nani aliyekupiga?"

Chirau aliangusha panga. Akakaa chini mchangani, akajifunika uso kwa shati lake. Wengine walianza kuondoka mmoja mmoja, kwa kinyumenyume, kama watu wanaotoka kwenye chumba cha maiti. Jua lilipochomoza tulibaki sisi wanne, na wa nne alikuwa Chirau, aliyekubali kutusaidia kumbeba hadi hospitali.

Siku ya kumi na mbili tangu alfajiri ile, wodi ya wanawake, hospitali ya Msambweni. Bega langu lilikuwa na nyuzi ishirini na moja. Mguu wa shangazi ulikuwa umegeuka mweusi kuanzia vidoleni, na harufu yake ilikufikia kabla hujafika kitandani. Sukari ilikuwa imepanda kwa ajili ya kidonda, na kidonda kilikuwa hakiponi kwa ajili ya sukari. Daktari alikuwa amesema wakate chini ya goti, leo, kabla sumu haijapanda. Fomu ilikuwa juu ya kitanda tangu jana. Shangazi alikataa kuweka sahihi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kama umekuja na maneno ya daktari, rudi nayo."

"Utakufa."

"Nimewahi kufa, wewe hukuwapo?" Akacheka, na kicheko kikamuuma mbavu. "Miezi kumi na minne, Abu. Muuguzi alinipima, akaniambia: mama, una kilo mia na nane, sukari ishirini na mbili, punguza ugali, punguza mchele, tembea nusu saa kila siku. Nikaanza kutembea saa nne asubuhi, kama mwanadamu. Nikipita pale madukani, vijana wanapiga honi kwa midomo: 'Lori la Samburu hilo! Jamani pisheni, halina breki!' Mmoja wao aliita kwa sauti kuliko wenzake. Unamjua?"

Nilimjua. Sauti ile ilikuwa yangu.

"Nikaona nitembee watu wakiwa wamelala. Nikawa najidunga, natoka bila kula, ili nipungue haraka mnione. Kosa langu hilo, muuguzi alinikataza. Mawe ni ya kuhesabia, maana kichwa hiki hakishiki hesabu. Sindano niliambiwa nizirudishe kliniki chupa ikijaa. Nipite nazo wapi? Watu wakijua unaumwa huku kwetu wanakuzika kabla ya siku zako. Nikazichimbia mwenyewe, nikaona hapo mpakani pana mchanga laini. Kilo thelathini na moja nilizipunguza. Hakuna aliyeniambia hata hongera."

"Shangazi, mimi ndiye niliyewaleta."

"Najua."

"Mimi ndiye—"

"Najua, nimesema! Akili ilinipotea hata nikakudhani Boga, lakini iliporudi nilikumbuka. Nilikuona umenishika mkono. Nilidhani umekuja kunitoa."

Akainua mkono wenye mpira wa dripu, akanizaba kofi lililosikika wodi nzima. Mgonjwa wa kitanda cha pili aliketi. Shavu langu liliwaka, na sikujua kofi linaweza kumpa mtu pumzi.

"Haya, niambie sasa," alisema, naye anahema. "Nikiwapa mguu, nitabaki na mmoja. Daktari anasema bila mazoezi huo mmoja nao utafuata. Nitatembea vipi, kwa magongo, mbele ya nani? Nirudi uwanjani gizani nikatwe wa pili? Bora nizikwe na miguu yangu yote."

"Nitatembea nawe. Na yeyote atakayefungua mdomo, nitamvunja—"

"Hapo ndipo ulipo!" alinikata. "Kuvunja. Kuchana. Majuzi umevunja kwa ajili yao, halafu ukavunja kwa ajili yangu. Mkono ni ule ule. Sitaki mlinzi, Abubakar. Mlinzi wa namna yako ananitisha kuliko wao."

Nilikuwa na majibu mengi mdomoni, yote makali. Niliyameza.

Shangazi aliichukua fomu, akaishika mkononi bila kuisoma.

"Sema tena," alisema. "Vizuri. Kwa sauti, hawa wanawake wote wawe mashahidi. Nikiridhika, nitaweka kidole. Nisiporidhika, nenda kachimbe kaburi, kwa kuchimba hujambo."

Wanawake kumi na wawili walinitazama, na muuguzi alisimama mlangoni na sinia lake. Sijawahi kusimama mbele ya watu nikiwa mdogo namna ile.

"Shangazi Mwanarusi," nilisema, na sauti ikafika ukutani, "wallahi kila siku saa nne asubuhi nitakuja kukuchukua. Tutakula kwanza, kisha tutatembea, kwa magongo, polepole, tupite madukani, tupite kwa Chirau. Nitawaambia wote mimi ni nani katika jambo hili. Na watakaocheka, shangazi, nitawaacha wacheke, na mikono yangu itashika magongo yako tu."

"Lete wino," shangazi alimwambia muuguzi.