Mstari wa Chaki Kwenye Makutano

Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimeandika wapanda baiskeli kumi na tisa. Walitakiwa wafike mia kabla ya saa saba mchana. Wasipofika, ile njia nyembamba ya baiskeli iliyopita mbele ya maduka ingegeuzwa maegesho ya magari.

Mimi ni karani wa manispaa, wa kuhesabu tu. Nilikaa kwenye stuli pale njia inapoishia kwenye makutano, fomu magotini, mstari wa chaki mbele yangu. Kanuni ilikuwa fupi: anayevuka mstari akiwa juu ya baiskeli ni mpanda baiskeli, anayeikokota ni mwenda kwa miguu.

"Mwanangu, mimi umeniweka wapi?" aliuliza mama mmoja mnene, fundi cherehani wa jengo la pili, akikokota baiskeli yake ya kikapu. Wenzake walimwita Mama Breki, maana breki zake zililia kuliko honi.

"Kwa miguu, mama."

"Kwa miguu? Magoti haya hayanifikishi hata msalani. Daktari aliniambia nikanyage pedeli kila siku, sukari itashuka. Miezi minane sasa, na imeshuka. Wakiiondoa njia hii, kule kwenye magari siendi. Nitarudi kukaa."

"Lakini ulishuka, mama."

"Nani asiyeshuka hapa? Tazama malori yanavyokata kona. Au wewe una roho ya akiba?"

Nilitazama. Wanne walikuja wamepanda, na wote wanne wakashuka hatua chache kabla ya chaki. Watu kama hao nilikuwa nikiwaandika "kwa miguu" tangu asubuhi, tena kwa mwandiko mzuri.

"Basi napita nimepanda," alisema. "Andika vizuri."

"Mama, acha."

Hakuacha. Alirudi nyuma kwenye njia hadi duka la vioo, akapanda. Alikuja polepole, kikapu kikitikisika. Lori la kokoto lilikuwa linaanza kukata kona. Nilisimama, fomu zikaanguka. Alivuka chaki, breki zake zikalia, za lori zikafuata. Alisimama mguu mmoja chini, kiganja kwenye bampa, kana kwamba analizuia.

Dereva alitoa kichwa. "Mama, unatafuta nini hapo?"

"Kuhesabiwa." Sauti ilimtoka nyembamba.

Nilimvuta pembeni. Mikono yake ilikuwa baridi.

"Nimo?" aliuliza.

"Umo. Wa ishirini."

Nikafikiria themanini wengine wakipita vile.

Nilibeba stuli hadi duka la vioo, ambako kila mtu alikuwa bado amepanda, nikachora mstari mwingine. Kisha nikampigia msimamizi wangu simu kumweleza.

"Utaharibu hesabu," alisema.

"Imeharibika tangu asubuhi, bosi. Niliiharibu mimi, kwa kufuata kanuni."

"Fomu ya mahali pengine, manispaa wataikataa."

"Basi njoo ukae pale kwenye makutano, uwaambie watu wapande."

"Andika sababu. Na sahihi iwe yako, si yangu."

Niliandika kwamba malori ndiyo yanayowashusha watu, nikatia sahihi. Mama Breki alikuwa ameketi kwenye ngazi za duka.

Saa saba kasorobo nilikuwa na mia na nne. Msimamizi alifika mwenyewe, uso umekunjamana. Alisimama kwenye makutano muda mrefu, akitazama watu wakishuka mmoja baada ya mwingine. Lori lilimpita karibu, akaruka nyuma.

Alikuja dukani akipangusa vumbi kwenye suruali, akaichukua fomu, akaangalia palipo na sahihi yangu, akaniomba kalamu.