Kichupa Kilichozidi

Mama Zeynegul alihesabu mara ya tatu, kidole chake kikatua kwenye kichupa cha mwisho. Mia mbili na kumi na vitano. Daftari lilisema mia mbili na kumi na vinne, na kila kichupa kilikuwa na vijidudu hai vya tauni.

"Pengine tumekosea kuhesabu," mkalimani alisema, akimwibia mgeni jicho.

"Mimi sikosei," alijibu Mama Zeynegul, mkuu wa kituo chetu cha utafiti wa tauni.

Ilikuwa mwaka 2002. Mgeni, Daktari Pruitt, alikuwa ametumwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Walitaka kutujengea maabara mpya hapo nyikani, siku mbili kwa treni kutoka jiji la Almaty, yenye milango ya chuma na friji zisizozimika umeme ukikatika, ili tauni yetu isije ikaangukia mikononi mwa watu wabaya. Sisi tulikuwa na friji moja kuukuu iliyofungwa kwa uzi na muhuri wa nta. Ripoti ya mgeni ikisema hatujui tulicho nacho, vichupa vingechukuliwa na kituo kufungwa. Miaka thelathini ya Mama Zeynegul, akikamata panya kwa mikono yake mwenyewe, ingeishia hapo.

Nilijua kichupa kile kimetoka wapi. Mwaka 1989, nikiwa bado mchanga kazini, nilimwona mwenzangu akifukuzwa kwa sababu kimoja kilimvunjikia. Enzi za Wasovieti hakuna aliyeuliza kimevunjikaje, kikipungua, umekwisha. Basi wengi wetu tulijiwekea cha akiba, kimyakimya. Wenzangu walivichoma vyao baadaye. Mimi niliogopa hata kukichoma, nikawa nakitoa kabla ya kila hesabu; safari hii sikupata nafasi. Miaka kumi na mitatu nilikipita kila asubuhi kama jirani niliyegombana naye.

Mama Zeynegul angeweza kulisingizia daftari. Nilimwona akiwaza, akiuma mdomo.

"Ni changu," nikasema. "Nilikificha mimi."

Mkalimani hakutafsiri. Alimtazama mkuu.

"Tafsiri, baba, unalipwa kwa lipi?" Kisha Mama Zeynegul akanigeukia. "Na wewe, Kuralay, mchawi wee! Miaka yote hiyo unakunywa chai yangu!"

"Nisamehe, mama."

"Shika kalamu. Andika."

Niliandika mstari wa mia mbili na kumi na tano, nikatia jina langu. Ajabu ni kwamba niliona fahari, hata kabla sijajua hatima yangu. Daktari Pruitt alisomewa mstari ule na mkalimani, akauliza swali moja tu: maabara ikijengwa, nani atashika funguo?

Nilikuwa nimeshaanza kupanga nitakavyomweleza mume wangu kwamba sina kazi.

Mama Zeynegul alininyooshea kidole. "Huyu hapa. Siri moja imemkondesha miaka kumi na mitatu. Ya pili hataiweza."

Maabara ilijengwa, na funguo zake nimezishika miaka kumi na tisa. Hakijawahi kuzidi kichupa, wala kupungua.