Dakika Tatu za Maundu

Wayua alikuwa amependa raundabauti moja tu maishani mwake, na hiyo ilikuwa bado karatasini. Aliichora mwenyewe mwaka 2001, akiwa na kandarasi ya miezi mitatu katika ofisi ya injinia mmoja mjini Machakos. Ilikusudiwa makutano ya barabara ya sokoni, pale pasipo na taa wala askari, kila dereva akijiamulia. Sharti la Injinia Kilonzo lilikuwa jepesi kusema: ikiwa gari huchelewa pale sekunde thelathini na tano kwa wastani, raundabauti itajengwa na Wayua ataajiriwa. Zisipofika, arudi kwao Athi River.

Hesabu ya vitabuni ilimpa sekunde kumi na tatu. Hesabu hiyo humwona dereva kama mtu anayengoja upenyo tu, akiupata anaondoka. Wayua akaichukia papo hapo. Akachukua saa ya kupimia mbio, akaketi kando ya barabara, na kila baada ya sekunde kumi na tano akahesabu magari yaliyo kwenye foleni. Baada ya asubuhi tatu akapata wastani wa arobaini na moja. Alifurahi mpaka akajinunulia soda.

"Kumi na tatu, arobaini na moja," Injinia akasema, akiziweka karatasi mbili mezani. "Hiyo tofauti si ndogo, Wayua. Iko na mwenyewe. Enda umtafute."

Hakutafuta sana. Siku zote hizo alikuwa akihesabu mkia wa foleni; kichwa hakukitazama hata mara moja. Kichwani kulikuwa na pikapu nyeupe ya Maundu, mleta kabeji kutoka Kathiani. Kila asubuhi alifika pale, akasimama, barabara mbele yake ikawa wazi hata ng'ombe wa Mwala nzima wangepita, naye asitoke. Dakika tatu kamili! Nyuma honi na matusi, yeye anatazama magoti yake. Kisha anaenda zake.

Wayua akamwendea Kalekye, muuza machungwa wa pale pembeni, akamuuliza kama yule bwana ni mgonjwa.

Mama wa watu akacheka mpaka akajishika kiuno. "Mgonjwa? Huyo ni mkwe wangu! Wewe umelelewa wapi?"

"Athi River, mwaitu," Wayua akajibu, akimwita mama kwa Kikamba.

"Si ndiyo maana, mtoto wa mji! Mkwe hawezi kupita mbele yangu hivyo tu, na mimi siwezi kumwangalia. Hiyo ni nthoni, heshima yetu. Anangoja nimalize kupanga machungwa. Nikiingia ndani ya kibanda, anapita."

Wayua akapiga hesabu kichwani. Ukiziondoa dakika hizo, zilibaki sekunde kumi na tatu zilezile, na raundabauti yake kwisha. Lakini kazi ni kazi, akauliza, "Na huwezi kupanga haraka haraka?"

"Naweza." Kalekye akachukua chungwa, akaligeuza mkononi. "Msichana wangu, mke wake, alikufa mwaka jana, mwezi wa nane. Huyu akinipita sasa, nani atamlaumu? Kila asubuhi najiambia, leo atapita. Halafu nasikia gari imesimama." Akaliweka chungwa juu ya mengine. "Kwa hivyo napanga polepole."

Wayua akarudi ofisini. Aliihuzunikia michoro yake, kisha akaona haya kwa kuhuzunikia michoro. Jioni aliandika kumi na tatu. Injinia akauliza zile ishirini na nane nyingine ni za nani.

"Ni mambo ya mtu na mkwe wake."

Kilonzo, mtu wa Kathiani aliyeijua nthoni vizuri, hakuuliza zaidi. Alimwambia tu, kwa upole, kwamba kandarasi yake inaisha Ijumaa.

Ijumaa hiyo asubuhi Wayua alikuwa akielekea stendi na mkoba wake. Pikapu nyeupe ilikuwa imesimama mahali pake. Nyuma yake dereva wa lori alipiga honi, akapiga tena, kisha akafungua mlango ateremke. Wayua akautupa mkoba chini, akaingia barabarani, akasimama mbele ya lori na mkono juu.

"Kwani kuna nini hapo mbele?" dereva akafoka. "Barabara si iko wazi?"

"Ngoja kidogo, bwana," Wayua akasema. "Mama anapanga machungwa."